Logibuku ya kompyuta imeniibia mtoto aliyetanguliza matako

Naanza na hasira, sifa zitafuata zikipata nafasi. Mimi ni daktari tarajali. Kila ninachomfanyia mgonjwa lazima nikiandikishe kwenye logibuku, yaani mfumo wa kompyuta unaotunza kumbukumbu za mafunzo yetu: umri wake, ugonjwa kwa msimbo wa ICD-10 (orodha ya kimataifa ya magonjwa), kazi iliyofanyika, na kama nilitazama, nilisaidia, nilifanya nikisimamiwa au nilifanya peke yangu. Jina la mgonjwa haliingii, na hapo sina ugomvi. Kisha daktari bingwa aliyenisimamia abofye kuthibitisha. Asipobofya, hesabu haisogei.

Sasa, usiku mmoja nikiwa zamu leba, akaja mama ambaye mtoto ametanguliza matako na muda wa kumkimbiza tieta, chumba cha upasuaji, umeshapita. Bingwa akasimama begani kwangu: usivute, ngoja kitovu kitoke, mgongo wa mtoto ubaki juu. Mtoto akalia. Tangu utafiti mkubwa wa mwaka 2000, watoto wengi wa namna hii huzaliwa kwa upasuaji, kwa hiyo wapo madaktari wanaomaliza mafunzo bila kupata nafasi kama ile.

Nikaandikisha asubuhi hiyo hiyo kabla ya kulala. "Inasubiri uthibitisho." Ikasubiri weee! Bingwa akahamia kwingine, akaunti yake ikafungwa, nami siku moja nafungua ukurasa wangu: mtoto hayupo. Wala si yeye tu. Kila nilichofanya chini ya bingwa yule kimefutika.

Nikapiga simu TEHAMA. Kijana aliyepokea hata salamu hakuitikia vizuri. "Dokta, kama haipo kwenye mfumo, haikufanyika." Nikamwambia rejesta ya leba ina sahihi yangu. "Hiyo karatasi." Kauli yake ndiyo tunayofundishwa wodini kuhusu faili la mgonjwa, na ni ya haki ikisemwa na anayekesha na wagonjwa. Ikitoka kwa waliofuta kumbukumbu zenyewe, ni tusi.

Lakini nisiwe mwongo. Mfumo huu huu ulionyesha kwamba nina uzazi tele ila mirija ya kifuani, ile ya kutoa hewa au damu iliyozunguka pafu, karibu hakuna, na mratibu wa mafunzo akanipangia zamu za majeruhi bila mimi kuomba. Daftari la karatasi lisingemwambia hayo; lile tulilijaza mwisho wa rotesheni, yaani zamu ya mafunzo katika idara moja, sahihi zote kwa kalamu moja. Kwa hilo ningewashauri wote muutumie.

Ningewashauri, halafu namkumbuka mwenzangu. Namba ikishageuka tiketi ya kumaliza mafunzo, watu huiwinda. Marekani, anayesomea upasuaji wa jumla hutakiwa kufikisha oparesheni kubwa 850, na huku kwetu nako kila idara ina kiwango chake. Basi mwenzangu huyo alishika mpira wa kufyonza damu dakika chache, akajiandikia "nilifanya nikisimamiwa", na bingwa akathibitisha orodha nzima kwa mbofyo mmoja huku anatembea. Yeye kahesabiwa. Mimi niliyelowa mpaka viwikoni sina kitu.

Nyota tatu, kwa ajili ya ile chati ya mirija. Hapana, mbili. Wameniambia niandikishe upya, na kwenye orodha ya wasimamizi jina la bingwa wangu limeondolewa, wala mfumo haukubali nafasi hiyo ikiwa tupu. Nimchague nani sasa, aliyekuwa kwake amelala?