Twita gani inafaa ku bafle za dipoli? Nimejaribu aina tatu hapa Goma

Bon, ni miezi saba sasa niko natengeneza bafle za dipoli, yaani zisizo na sanduku, spika zimefungwa tu ku tripleksi na nyuma ni wazi kabisa, na kitu kilichonisumbua kupita vyote ni twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Woofer za inchi 15 (za besi) na mid za inchi 5 (za sauti za kati) nilizipata ku Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, bila shida, lakini twita njo inaamua kama dipoli yako ni dipoli kweli ao ni nusu tu.

Kwa nini dipoli? Nyumba yangu ni ya mbao, sawa nyumba mingi za huku kwetu, na mama jirani wa kulia tunatenganishwa na planshi na kanjia ka kupita mtu mmoja. Spika ya wazi inatoa sauti mbele na nyuma, mbele ikisukuma nyuma inavuta, basi pembeni sauti hizo mbili zinakutana na kuuana. Ukisimama ubavuni kabisa unasikia kidogo sana. Tangu nigeuze bafle zipige kwa urefu wa nyumba, mama jirani hajagonga tena ukuta usiku, na hiyo peke yake kwangu ilitosha niendelee na hii kazi.

Sasa twita ya kawaida imefungwa nyuma. Mid inapiga pande mbili, halafu ukipita 3000 Hz (mitetemo 3000 kwa sekunde), kule kwa sauti za juu, nyuma kunakuwa kimya, na ile sauti inayorudi toka ukutani inakosa mwangaza, unaona kama gita iko mbele na mwimbaji ameingia chumba kingine. Siegfried Linkwitz, Mjerumani aliyefanya kazi Hewlett-Packard Marekani na ambaye filtri ya Linkwitz-Riley ya 1976, ya kugawa sauti kati ya spika, inabeba jina lake, naye bafle yake ya Orion ilianza na twita moja ya mbele, kisha akaongeza ingine ya nyuma. Nilipojua hiyo nikaacha kubishana na masikio yangu.

Ya kwanza nilijaribu ni piezo, zile za tarumbeta ndogo ya plastiki zinazojaa kila duka. Bei chini, haziungui haraka, lakini kwa hii kazi hapana. Tarumbeta inatupa sauti mbele tu, na maracas zinakukwaruza sikio. Halafu watu wanaziongezea kondansateri mbele, kile kifaa kidogo ambacho ku twita za kawaida kinazuia sauti za chini, wakifikiri wamekata sauti za chini, kumbe piezo yenyewe ni sawa na kondansateri, ukiweka ingine inapunguza sauti yote tu, haikati. Ukitaka ikate lazima uweke na rezistansi ya omu 8 sambamba na piezo. Nilifanya hivyo, ikatulia kidogo, lakini bado haikunipendeza.

Ya pili ni dome za hariri za 25 mm, twita zenye kuba ndogo ya kitambaa, zenye sumaku ndogo ya neodimi, kaka yangu alinibebea nne toka Dubai. Nimefunga mbili kwa kila bafle, mgongo kwa mgongo. Hapa sumaku ndogo ni muhimu sana, twita zenye sumaku nene ya ferrite zinakaa mbali na zenzake na ule mfano wa namba nane (sauti mbele na nyuma, kimya pembeni) unavunjika mapema, wimbi la 3000 Hz lina sentimita 11 na kitu tu, kwa hiyo kila sentimita unayookoa inasikika. Kila dome ni omu 4, nimezifunga mfululizo ikawa 8, na ya nyuma fili zake nimezigeuza. Usipozigeuza, twita zote mbili zinasukuma pamoja, na jirani atasikia yote. Kuhakikisha, piga sauti ya mvumo sawa na mvua, simama ubavuni, geuza fili za twita ya nyuma: ile namna inayopunguza sauti pembeni njo sahihi.

Na kondansateri iliyokuja nayo itoeni. Ilikuwa ya mikrofaradi 4.7, na kwa omu 4 hiyo inakata karibu na 8500 Hz, shimo kubwa linabaki kati yake na mid. Mimi nimeweka ya mikrofaradi 3.3 na bobini (waya uliozungushwa) ya 0.85 mH, inakata ku 3000 Hz vizuri, lakini ku filtri ya namna hiyo mugeuze fili za twita zote mbili pamoja, zipishane na za mid, la sivyo ku 3000 zinauana tena.

Ya tatu ni planari ya inchi 3, ile ya karatasi nyembamba ya plastiki kati ya sumaku, kava ya nyuma unaifungua kwa skrubu na inabaki wazi pande zote. Sauti yake, bandugu, sijasikia kitu sawa hicho! Ngozi ni moja, mbele na nyuma ni kitu kimoja, hakuna kupanga, na sebene ikianza unahesabu kila uzi wa mi-solo. Lakini vumbi letu ni la lava. Pitisha sumaku ku lile vumbi jeusi la barabara uone chembe zinavyoshika. Sumaku za planari ziko wazi, na baada ya wiki tatu za kiangazi nikaanza kusikia mkwaruzo ku upande wa kushoto. Nilifungua, nikatoa chembe moja moja kwa utepe wa kubandika, ikapona, kisha nikashona vifuniko vya chandarua mbele na nyuma.

Kama nyumba yako ni ya simenti, madirisha yanafunga vizuri, nunua planari, usifikirie mara mbili. Mimi ku mbao nimebaki na dome, planari nazitoa tu Jumapili wageni wakija, nazifuta, nazifunika tena. Bafle zenyewe ziache mita moja toka ukuta wa nyuma, chini ya hapo hata twita ya bei gani itasikika imebanwa.