Mahakama ya watoto: nyota 3 kati ya 5

Mpwa wangu alishikwa na simu ya wizi tukapelekwa mahakama ya watoto huku Pwani ya Kenya. Ndani huduma safi, hakimu anamuongelesha polepole, watu baki hawaingii, na ile sheria ya watoto ya 2022 inaruhusu kesi ndogo ziishie nje ya korti, mtoto aombe msamaha, alipe fidia, apewe ushauri. Shida ni baada ya hapo bana. Afisa wa probesheni, yule wa kumfuatilia mtoto baada ya kesi, ni mmoja, watoto kibao, nauli ya kuja nyumbani anatoa mfukoni mwake, na karakana alopelekwa dogo kusomea useremala ina randa moja butu, mbao hakuna. Yani serikali ina pesa ya kumlisha jela ila ya misumari haina?? Mkienda bebeni cheti cha kuzaliwa, la sivyo mtabishana umri mpaka jioni.