Safari ya vitwitwi Salenda: mwongozaji asiyetaka kusubiri

Sijawahi kulipia huduma ikanipandisha hasira kama safari ya kutazama ndege niliyopelekwa hivi karibuni kwenye matope ya Daraja la Salenda, Dar es Salaam. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa ugomvi wangu ni na mwongozaji, tena kwa jambo moja tu.

Maji yalikuwa yamekupwa na vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wametapakaa kila upande. Kijana alielekeza darubini ya miguu mitatu kwa mmoja ambaye miguu yake ilionekana ya manjano, akatangaza kwamba ni Calidris temminckii, aina ya kitwitwi mwenye miguu ya manjano. Nilimweleza kwa upole kwamba aina hiyo hupenda kingo za maji baridi kuliko matope ya bahari, kwamba kifua chake huwa cha kijivu kuanzia upande mmoja hadi mwingine, ilhali huyu tuliyemwona alikuwa mweupe katikati, na kwamba matope yakigandia miguu huificha rangi yake. Basi tusubiri aingie majini. Akanijibu, "Mama, utaumiza macho bure, hao wote ni ndugu," akaikunja darubini huku wenzangu wakicheka. Muda si mrefu ndege aliingia kwenye kidimbwi, na alipotoka miguu ilikuwa myeusi tititi: Calidris minuta, kitwitwi wa aina nyingine, yule yule anayejaa pwani yetu kila msimu. Kijana alikuwa amekwisha kutupa mgongo, anaongea na simu.

Tangu hapo kila kitu kilinichukiza: chai ya vuguvugu, harufu ya Mto Msimbazi, hata kofia aliyovaa.

Hata hivyo, nisimnyime haki yake. Alimtambua kitwitwi mwingine, Xenus cinereus, kwa mbio zake za kuinama tu, kabla sijauona ule mdomo uliobetuka kwenda juu, na kundi liliporuka aliwabagua vitwitwi wa aina ya Calidris ferruginea papo hapo kwa weupe ulio juu ya mkia. Mwenye jicho kama hilo alishindwaje kumsubiri ndege mmoja anawe miguu?

Nilikuwa nimempa nyota moja, nikaifuta nikaweka tatu. Sasa nikikikumbuka kile kicheko, nazipunguza ziwe mbili. Atakayetaka kujifunza kuwatofautisha vitwitwi amchukue kijana huyu, ila darubini aishike mwenyewe.