Karatasi ya Arches kwa kuchora mawaridi: uzoefu wangu baada ya kurasa kumi na nne

Waridi lenyewe lilikataliwa kwa sababu ya shingo. Nafanya kazi ya kugredi maua katika shamba moja hapa Naivasha, na mtu wa gredi hahitaji rula kwa hilo: ua ambalo shingo yake imelala halivuki meza. Lilikuwa jeupe, shina la sentimita 60, kichwa kikubwa, majani safi. Niliruhusiwa kulibeba, nikalitia kwenye chupa ya maji juu ya meza, na Jumapili asubuhi nikalikuta limefunguka. Petali za nje zilikuwa zimejikunja ukingoni kama kitambaa kilichopindwa kwa vidole. Za ndani zilikuwa bado zimebanana, na pale katikati kabisa palikuwa na umanjano hafifu, kama malai juu ya maziwa.

Nilikaa mbele yake saa tatu nzima. Hilo ndilo waridi la kwanza nililolichora kwa rangi za maji likatoka waridi kweli, na sababu kubwa haikuwa mkono wangu. Ilikuwa karatasi. Naandika haya kwa ajili ya yule aliye pale nilipokuwa mimi mwaka jana: amenunua rangi, amenunua brashi, anafuata mafunzo ya video usiku watoto wakilala, na kila waridi analochora linageuka kabeji yenye madoa, mpaka anaanza kuamini kwamba hana kipaji. Kabla hujafikia uamuzi huo, badilisha karatasi.

Miezi minane ya kwanza nilitumia karatasi ya bei nafuu niliyoipata duka la vifaa vya shule. Jina lake silitaji, maana ziko nyingi za aina hiyo na zote zina tabia moja. Jaladani iliandikwa gramu 300, yaani uzito wa mita mraba moja ya karatasi, nami nikadhani gramu 300 ni gramu 300, popote zilipo. Sikujua kwamba uzito ni jambo moja na kilichomo ni jambo lingine. Ile ilikuwa ya massa ya mti, yaani mbao zilizosagwa. Ukiigusa kwa brashi yenye rangi, inainywa papo hapo. Ukirudi na brashi safi yenye unyevu ili kuulainisha ukingo, umechelewa, mstari umeshaganda. Ukisugua, uso unatoka punje punje. Na ukiimwagia maji mengi inajikunja, yanafanyika mabonde, rangi inakimbilia mabondeni na kukaukia humo.

Kwa mtu anayechora nyumba au mlima, pengine hilo si kubwa. Kwa waridi ndiyo kifo. Litazame ua lenyewe kwa karibu uone: kila petali ina upande mmoja mkali, ule unaoifunika petali ya nyuma yake, na upande mmoja unaopotea, ule unaoteremka kwenda kivulini katikati. Mkali na unaopotea, mkali na unaopotea, kuzunguka mpaka kwenye kitovu. Ukiweza pande hizo mbili, umelimaliza waridi. Mengine ni rangi tu. Ile karatasi ilinipa upande mmoja peke yake. Kila ukingo ulikuwa mkali, ndiyo maana kila ua lilitoka kabeji.

Aliyenifungua macho ni wifi yangu wa Nairobi, anayefundisha sanaa. Alikuja Krismasi, akazitazama kazi zangu kimya, kisha akatoa kwenye mkoba wake nusu karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha. Akaniambia, "Chora petali moja tu hapa, na moja kwenye ile yako. Brashi ile ile, rangi ile ile." Nikafanya. Kwenye yangu, nilipohesabu hadi kumi na tano ukingo ulikuwa umeshakufa. Kwenye yake nilihesabu hadi sitini, na rangi bado ilikuwa inang'aa kwa maji. Nikaigusa pembeni na brashi yenye unyevu, ikateremka yenyewe, polepole, ikafifia na kuwa si kitu. Sikuwahi kuliona jambo hilo likitokea mkononi mwangu. Wifi akacheka, akasema, "Umeona sasa, dada? Ulikuwa unagombana na mti."

Ilikuwa Arches, gramu 300, pamba tupu. Kinu chake kiko kwenye milima ya Vosges, mashariki mwa Ufaransa, na karatasi imekuwa ikitengenezwa huko tangu 1492. Mbali na pamba, siri yake nyingine ni jelatini, ambayo haikupakwa juu tu bali imeingia mpaka ndani ya nyuzi. Jelatini ndiyo inayoyazuia maji yasizame haraka. Ukiilowesha utasikia harufu kidogo, kama ya kondoo aliyenyeshewa. Usishtuke, ni hiyo jelatini ya wanyama. Mimi sasa nikiisikia harufu hiyo asubuhi najua kazi imeanza.

Niliyoinunua ni pedi ya sentimita 23 kwa 31, kurasa 20, uso wa wastani, yaani si laini kabisa na si wa kukwaruza. Kurasa zimegundishwa pande zote nne, isipokuwa mwanya mdogo wa kupitishia kisu. Unachora juu ya ukurasa ukiwa bado umeshikwa, unaungoja ukauke kabisa, kisha unapitisha kisu butu kwenye ule mwanya na kuuzungusha taratibu mpaka ukurasa utoke. Nasema kabisa kwa sababu ukurasa wangu wa tatu niliubandua ukiwa bado na ubaridi mkononi, nikitaka kumwonyesha binti yangu, ukajikunja mpaka leo. Ukiuacha mahali pake unanyooka wenyewe.

Wenzangu wa nyanda za juu mnisikilize hapa. Naivasha tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mchana upepo wa ziwani hukausha kila kitu. Hata karatasi hii ya pamba, saa nane mchana karibu na dirisha, hainipi ule muda niliousema. Mimi huchora asubuhi, dirisha nimelirudishia, na kabla ya petali kubwa nailowesha sehemu yake mara mbili: mara ya kwanza nainywesha, nangoja maji yazame, kisha nairudia. Ukiitazama kwa pembeni ing'ae kama kioo chenye ukungu, si kama dimbwi, hapo ndipo pa kuweka rangi.

Turudi kwenye waridi jeupe, maana ndilo mtihani wa karatasi yoyote. Kiswahili kimeiita rangi moja kwa jina la ua hili, rangi ya waridi, na wengi tunaanza na hilo la rangi ya waridi kwa kudhani ni jepesi. Lakini jeupe ndilo litakalokufundisha. Weupe wake hauutoi kwenye kasha, ni karatasi yenyewe uliyoiacha. Kazi yako ni kuvichora vivuli peke yake, na vivuli vya waridi jeupe ni vichache na vyepesi mno: buluu ya altramarini na siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, vimechanganywa na maji mengi mpaka vinatoa kijivu cha wingu, na kule kitovuni tone la okra ya njano, yaani njano ya udongo. Nilianza na kitovu. Nikaweka kijivu kizito kidogo pale petali zinapobanana, nikaiosha brashi, nikaikamulia kwenye kitambaa, nikakivuta kile kijivu kuelekea nje hadi kikapotea. Petali ya pili, ya tatu. Nikafika petali ya nje yenye madoa mawili madogo ya wekundu hafifu, yale ya botritisi, ugonjwa wa ukungu tunaoujua sisi wa gredi, nikayaweka nayo, maana ndilo ua nililokuwa nalo. Mwisho nikachora majani ya kijani kibichi nyuma yake, na hapo ndipo ukingo wa juu ulipojitokeza. Sikuuchora ule ukingo. Niliuacha tu, majani yakauonyesha.

Kuna petali moja niliikosea, kivuli kilikolea. Niliilowesha ikiwa imeshakauka, nikaipapasa kwa brashi laini, nikaigandamiza kwa karatasi ya chooni, rangi ikanyanyuka. Haikubaki nyeupe pe, lakini ilirudi nyuma vya kutosha. Uso haukutoka hata punje moja. Kwa hilo peke yake, mimi nimeshalipwa.

Mawaridi mekundu ni habari nyingine na nimechora matatu tu, kwa hiyo nasema machache. Rangi za maji zikikauka hufifia, na wekundu wa waridi unataka kina, kwa hiyo ni lazima upake tabaka juu ya tabaka. Natanguliza njano ya joto, inakauka, nyekundu, inakauka, kisha wekundu mzito uliopozwa na tone la kijani kwa kivuli. Nimefika tabaka tano na lile la chini halikusogea. Kwenye karatasi yangu ya zamani tabaka la pili tu lilikuwa linalibomoa la kwanza.

Rangi zenyewe nitazipitia haraka. Natumia kasha dogo la Cotman la Winsor & Newton lenye vidonge 12, ambalo ni la wanafunzi, na linatosha kabisa. Halina pinki ya waridi, hiyo niliongeza tyubu moja ya Permanent Rose. Kidonge cheupe sikigusi. Jambo moja la kuangalia ni namba ya kikolezo, yaani unga unaoipa rangi rangi yake, kwenye lebo: kwa pinki natafuta PV19, kwa sababu inavumilia mwanga. Mara ya kwanza nilinunua sehemu nyingine pinki inayowaka, ile ya kuvutia macho, nikamchorea mama yangu kadi, akaiweka dirishani kwa mapenzi. Baada ya miezi michache majani yalikuwepo na ua limebaki kivuli. Pinki za kuwaka namna hiyo hufifia, hata ziwe za kiwanda gani. Aliniambia haidhuru. Kwangu ilidhuru, na nikamchorea nyingine.

Sasa bei, maana najua ndicho mnachongoja. Ni ghali. Pedi yangu ilinigharimu zaidi ya shilingi 6,000 Nairobi, na kwa mshahara wa shambani hiyo si pesa ya kutoa bila kuwaza. Niliiwekea akiba miezi miwili. Lakini nilipoigawa kwa kurasa 20, kisha nikakata kurasa nyingi vipande viwili, nikaona waridi moja halifiki hata shilingi 200. Na nyuma ya karatasi pia panachoreka, kwa hiyo ua lililoharibika mbele linanipa uwanja wa mazoezi upande wa pili. Wifi anasema njia nafuu zaidi ni kununua karatasi nzima ya sentimita 56 kwa 76, kuirarua vipande vinane na kuvibana kwenye ubao kwa utepe. Ukiiinua hiyo kwenye mwanga utaliona jina la kinu ndani ya karatasi kwenye ukingo, ndipo unajua hukuuziwa nyingine. Ningetoa nyota, ningetoa tano kwa kazi na tatu kwa mfuko.

Kwa mtoto anayejifunza kushika brashi usimnunulie, atazimaliza kwa siku mbili na wewe utaumia. Na kama umezoea kuchora kwa penseli na kufuta, kufuta, kufuta, chora kwanza pembeni kwenye karatasi ya kawaida, kisha uhamishe mistari kwa mkono mwepesi. Kifutio kikisugua sana huondoa ile jelatini juu, na rangi ikifika hapo inazama kama wino kwenye pamba.

Nilipata kuuliza mbona wakubwa walichora vizuri hivyo zamani, kabla ya video na mafunzo. Pierre-Joseph Redouté, Mbelgiji aliyemchorea maua Joséphine, mke wa Napoleon wa Ufaransa, na ambaye mawaridi yake bado yanabandikwa ukutani duniani kote, kazi zake nyingi alizichora juu ya ngozi ya ndama iliyolainishwa. Naye alichagua kwa makini kitu cha kuchorea. Na hapa kwetu kando ya ziwa, Elsamere, aliishi Joy Adamson. Dunia inamjua kwa simba wake Elsa, lakini kabla ya simba alikuwa akichora maua ya porini ya Kenya kwa rangi za maji, na kazi zake ziko Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nilikwenda kuziona mwezi wa nne. Mlinzi aliniomba nirudi nyuma kidogo, maana nilisogea mno, nikitafuta pale ukingo wa petali unapopotea.

Zimebaki kurasa sita. Moja nimeiwekea waridi la rangi mbili, krimu lenye ukingo mwekundu, ambalo limeanza kufika mezani kwetu wiki hii. Msimamizi ameahidi kwamba Jumamosi, likitokea moja lenye shingo iliyolala, atanipa.