Fildi ya mwaka mzima Uingereza: uzoefu wangu nikisoma uhandisi ujenzi

Nianze na jibu la kama huu mwaka wa kazi unafaa au haufai, maana najua wengi ndo mnalitaka: kama chuo chako kinakupa nafasi ya kwenda kufanya kazi mwaka mzima katikati ya digrii, na gharama za viza hazitakuvunja mgongo, nenda. Usiwaze mara mbili. Mimi nasoma uhandisi ujenzi kwenye chuo kimoja huko Midlands, nilienda baada ya mwaka wa pili, sasa nimerudi namalizia mwaka wa mwisho na nikiangalia nyuma sioni somo hata moja la darasani lililonipa nilichokipata kule saiti.

Kwa asiyejua inavyokwenda: digrii ya miaka mitatu inakuwa minne. Mwaka wa tatu huingii darasani, unaajiriwa kabisa na kampuni, una mkataba, una mshahara, unaamka asubuhi kama wafanyakazi wengine. Chuo bado kinakutambua kama mwanafunzi, kuna supavaiza anakufuatilia, kuna ripoti unaandika na inapimwa, halafu unarudi kumaliza. Vyuo kama Loughborough, Bath, Surrey na Aston vina jina kubwa sana kwa hii kitu, ila vipo vingi vinavyotoa, kwa hiyo kabla hujachagua kozi angalia kama hiyo nafasi ipo na imeandikwa.

Nyumbani haikuwa rahisi kueleweka. Nilipompigia mama nikamwambia mwakani siendi darasani naenda kazini, alinyamaza kidogo halafu akauliza, "Mwanangu niambie ukweli tu, wamekufukuza?" Nikaeleza weee, bado anaona kama namficha kitu. Aliyemtuliza ni baba mdogo ambaye ana kampuni ndogo ya ujenzi Mwanza, alimwambia, "Shemeji, huyo anaenda kupata kile ambacho vijana wanaokuja kwangu na vyeti vyao hawana." Baada ya hapo mama akawa ananiuliza kila wiki nimekula nini saiti na kama kofia ngumu navaa.

Sasa kwa nini mwaka mzima na sio fildi zetu tulizozoea? Kaka yangu alisoma Mlimani pale CoET, chuo cha uhandisi, wao wana PT, yaani mafunzo kwa vitendo, ya wiki nane kila mwaka, na siidharau hata kidogo, imetoa mainjinia wazuri sana nchi hii. Lakini yeye mwenyewe anakiri wiki nane zinaisha ndo kwanza foremani ameshika jina lako. Wiki ya kwanza unazungushwa, ya pili unatafutiwa buti, ukija kushtuka unaandika ripoti. Zege lenyewe linapimwa nguvu siku ya 28, kwa hiyo mchemraba wa sampuli uliojaza wewe karibu na mwisho wa fildi majibu yake unaweza usiyaone kabisa. Mimi nilipima zege la msingi, nikasubiri majibu, nikaona nguzo zinapanda juu ya ule ule msingi, nikaona ghorofa ya tatu inakaa juu ya zile nguzo. Hiki ndo kitu kikubwa cha mwaka mzima, unakuwepo pale kazi yako inapoanza kubeba mzigo, na ukiwa na wasiwasi nayo hulali.

Kuna asubuhi moja tulikuwa tunamwaga slabu, hiyo naikumbuka vizuri mno. Lori la zege limefika, nikachukua sampuli nikajaza koni ya slampu, kile kipimo cha kuona zege ni laini kiasi gani, kama tulivyofundishwa maabara, tabaka tatu, kila tabaka unashindilia mara 25, unasawazisha juu, unainua koni taratibu. Nilipoinua zege likakaa chini kama uji wa mgonjwa. Karatasi ya oda inasema S3, yaani liporomoke kati ya milimita 100 na 150, mimi rula yangu inanisomea zaidi ya 200. Pampu imeshawashwa, jamaa wa vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lijae vizuri, wako tayari juu, foremani anaangalia saa, dereva anasema maji kidogo tu hayo hayana shida. Injinia wa saiti alikuwa amesimama pembeni yangu, hakusema kitu, aliniuliza tu, unasemaje? Bongo tunasema zege halilali, na kweli pale unaisikia ile presha ya kuliacha lipite ili kazi iendelee. Nikasema linarudi. Akachukua karatasi ya dereva, akaandika limekataliwa, akaniambia niweke jina langu mimi kwa sababu kipimo nimepima mimi. Lori likageuza likaondoka na zege lote.

Slampu nimepima maabara mwaka wa kwanza, najua formula zote, najua maji yakizidi nguvu inashuka. Lakini maabara hakuna mtu anapoteza hela ukisema hapana. Siku ile ndo nikajua uhandisi ni kusimama kwenye namba yako watu wazima wakikukodolea macho, na hicho huwezi kufundishwa na slaidi za mhadhiri hata awe mzuri vipi.

Halafu baridi jamani. Kwetu tunajifunza kuogopa jua, unamwagia zege maji, unalifunika magunia lisikauke haraka likapasuka. Kule Januari tatizo ni la upande wa pili, thermometa ikikaribia nyuzi 5 foremani anaanza kuulizia mablanketi ya kufunika zege lisigande kwa baridi kabla halijashika, na kuna siku kazi inaahirishwa kabisa japo kila kitu kiko tayari. Ni ujuzi ambao Mwanza hautanisaidia sana moja kwa moja, najua, ila umenifanya nielewe kemia ya saruji kwa undani kuliko mtihani wowote, maana ukiona kitu kile kile kinaharibika kwa joto na kinaharibika kwa baridi unaanza kujiuliza kinataka nini hasa.

Tuje kwenye hela na makaratasi, hapa tulia usome vizuri.

Viza ya mwanafunzi kawaida inakubana saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Hii kazi ya mwaka haihesabiwi kwenye hizo saa kwa sababu ni sehemu ya kozi na inapimwa, mradi isizidi nusu ya urefu wa kozi yako. Safi. Shida inakuja kama ulipoanza ulisajiliwa kozi ya miaka mitatu halafu ukabadilisha katikati, maana viza yako haitafika mwaka wa nne, unaomba upya, na kwa viwango vya 2025 viza ilikuwa paundi 524 na mchango wa afya ulikuwa paundi 776 kwa kila mwaka. Ndo maana nasema sajili toleo lenye mwaka wa kazi toka mwanzo hata kama hujaamua, kujitoa baadaye ni rahisi kuliko kuingia. Ada ya mwaka huo kwa wanafunzi wa Uingereza wenyewe ina ukomo wa asilimia 20 ya ada ya kawaida, ila sisi wa kutoka nje kila chuo kinapanga chake, kwa hiyo waulize kwa imeili wakujibu kwa maandishi.

Mshahara wangu ulilipa kodi ya chumba, chakula, nauli, na nikaweka akiba ya mwaka wa mwisho. Kodi ya mapato wanaanza kukata ukivuka paundi 12,570 kwa mwaka, sasa kama umeanza kazi katikati ya mwaka wao wa kodi angalia slipu yako mapema wasije wakakuweka kwenye namba ya kodi isiyo yako. Lakini kuna jambo wengi hawalijui na linaniuma kabisa: kima cha chini cha mshahara hakimlindi mwanafunzi ambaye kazi yake ni sehemu ya kozi na haizidi mwaka mmoja. Kisheria wanaweza wasikulipe. Kuna kampuni moja walinipa ofa ya nauli na chakula cha mchana basi, kazi mwaka mzima, tena waliongea kama wananifanyia hisani. Nilikataa. Mwanafunzi aliyetoka kwetu, mzazi anabadilisha shilingi kuwa paundi kila muhula, hawezi kufanya kazi bure mwaka mzima, na nadhani vyuo vingekuwa vinakataa kutangaza nafasi za hivyo.

Mabaya mengine ni madogo madogo ila yapo. Ukirudi, wale ulioanza nao wameshavaa majoho wameondoka, unakaa darasani na watu huwajui. Hesabu zinakuwa zimelala, mimi wiki za kwanza nilikuwa nafungua daftari za mwaka wa pili kila usiku. Na mikataba ya nyumba inasumbua, kazi ilikuwa mji mwingine na tarehe za kuanza haziendani na za vyumba vya wanafunzi.

Faida nazo naziona sasa hivi kila siku. Somo la kusanifu majengo, wenzangu wanachora nondo zimebanana kwenye kiungo cha nguzo na boriti mpaka huwezi kupitisha vaibreta, mimi naona kabla sijamaliza kuchora kwamba fundi atanilaani. Mada ya tasnifu yangu imetoka saiti. Kampuni ile ile imeshaniambia nikimaliza kuna nafasi. Na kama nitarudi nyumbani, ERB, bodi ya kusajili wahandisi, wana ule mpango wa SEAP wa mafunzo ya kazini kabla hujasajiliwa injinia mtaalamu, pale utaandika logibuku na kusimamiwa, na mimi mazoea ya kuandika kila siku nilichofanya na kwa nini nimekifanya tayari ninayo.

Naupa nyota nne na nusu huu mwaka, nusu nimeitoa kwa ajili ya gharama za viza na hilo la kufanyisha watu kazi bure.

Kwa wadogo zangu mnaotaka kujaribu: nafasi nyingi zinatangazwa kuanzia Septemba na Oktoba kwa kazi ya kuanza katikati ya mwaka unaofuata, na kampuni zikijaza zinafunga hata kabla ya tarehe waliyosema. Sivii iwe kurasa mbili mwisho. Ukiwa umewahi kusaidia kwenye ujenzi wa nyumba ya mjomba andika, eleza ulifanya nini, mimi niliulizwa sana kwenye intavyuu kuhusu kazi za likizo kwa baba mdogo kuliko maksi zangu. Kwa watu wa ujenzi fuatilia mapema kadi ya CSCS, ile inayoonyesha una mafunzo ya kufanya kazi saiti, maana saiti nyingi bila hiyo getini hupiti. Na siku ya intavyuu na wewe waulize: nitakuwa chini ya nani, nitapewa nini cha kusimamia mwenyewe, na mwanafunzi aliyenitangulia alifanya nini hapa. Wakishindwa kujibu hilo la tatu, tafuta kwingine.