Kipimo cha sikio la ndani kwa kizunguzungu: uzoefu wangu hapa Kigoma

Ninaanika dagaa mwalo wa Kibirizi, kazi ya kuinama na kuinuka kutwa nzima. Kizunguzungu kilichonipata hakikuwa kile cha kuona giza. Nikijigeuza kitandani kulia, au nikiinama kwenye chanja, dunia nzima inazunguka, inatulia, kisha kichefuchefu kinabaki. Zahanati walipima malaria, presha na wingi wa damu. Vyote safi. Nikapewa vidonge vilivyonilaza usingizi tu.

Daktari wa masikio hakuanza na mashine. Alinikalisha kitandani miguu nimeinyoosha, akanigeuza kichwa kulia, akanilaza kwa haraka kichwa kikining'inia kidogo nje ya godoro. "Mama, usifumbe macho, niangalie puani." Sekunde chache kimya. Halafu kikaja! Nikamkamata mkono kwa nguvu zote, naye anayatazama macho yangu tu. Alikuwa ameyarekodi kwa simu, akanionyesha: yanarukaruka na kujizungusha yenyewe, kisha yanatulia. Upande wa kushoto, hakuna kitu.

Kinaitwa kipimo cha Dix-Hallpike, kilielezwa mwaka 1952. Kinataka kitanda na mtu anayejua anachokitafuta machoni, basi. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo za chokaa zinazotusaidia kujua kichwa kimekaaje. Zikibanduka na kuingia kwenye mmojawapo wa mifereji mitatu ya sikio la ndani, kila ukigeuka zinasukuma maji yaliyomo, na ubongo unapokea habari kwamba unazunguka. Kipimo cha damu hakiwezi kuona hilo, hata kirudiwe mara ngapi.

Papo hapo akanigeuza kichwa mkao kwa mkao, kila mkao akisubiri, kwa njia ya Epley, yaani kuzitoa zile chembe kwenye mfereji. Akapima tena: macho yametulia. Nilitaka kulia kwa furaha.

Lawama yangu ni moja, hakuna aliyenitahadharisha kuhusu kutapika. Usiende umeshiba, na uende na mtu wa kukurudisha. Uliza mapema kuhusu vidonge vya kizunguzungu, maana vinaweza kuficha dalili machoni. Mwenye tatizo la shingo aseme kabla hajalazwa. Na kizunguzungu kikija pamoja na ulimi mzito au upande mmoja wa mwili kulegea, hicho si cha kusubiri daktari wa masikio, kimbilia hospitali saa hiyohiyo.