Matairi ya gari la umeme Lubumbashi: yapi ununue, yapi uyaache dukani

Ukiomba tairi la misimu yote katika maduka ya hapa Lubumbashi, muuzaji atakuwekea kidole kwenye herufi M+S na kukuambia, "Papa, hii pine ni ya kila wakati." Herufi hizo zinasimamia matope na theluji, na kiwanda huziandika chenyewe bila jaribio lolote. Alama iliyopimwa ni ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tairi lenye mlima huo limejaribiwa kwenye theluji, na matairi ya misimu yote ya Ulaya huwa nao.

Sisi misimu yetu ni miwili. Mvua huanza kuelekea Novemba na kutuacha Aprili. Halafu ni kiangazi, asubuhi za baridi za Juni na Julai, vumbi jekundu, na mwishoni joto la Septemba na Oktoba linalotoka kwenye lami kama linatoka jikoni. Tairi la misimu yote kwetu ni lile linalotoa maji chini ya gari siku ya mvua kubwa na lisilolainika Oktoba. Nimeyapanga matairi hapa chini kwa kipimo hicho.

Ila kabla ya jina la kiwanda, soma uzito. Gari la umeme limebeba betri ya mamia ya kilo chini ya sakafu. Nissan Leaf, ambalo ni gari dogo, lina kilo 1,500 hivi likiwa tupu. BYD Atto 3 yenye betri kubwa hufikia 1,750 hivi. Weka watu watano na mifuko miwili ya unga, uone tairi linavyokaa. Ubavuni, baada ya vipimo kama 205/55 R16, kuna namba ya mzigo na herufi ya mwendo, mfano 91V. Namba 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, 94 ni kilo 670, 98 ni kilo 750. Herufi T ni mwendo wa juu wa kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Ukiona XL, tairi limeimarishwa kubeba zaidi ya lile la kawaida la kipimo hichohicho, na HL, alama mpya iliyokuja kwa sababu ya magari mazito kama haya, hubeba zaidi hata ya XL. Fungua mlango wa dereva: kwenye nguzo kuna kibandiko cha vipimo na upepo. Kupanda juu ya namba yake ya mzigo ni ruhusa. Kushuka, usikubali, hata wakupunguzie bei nusu.

Nafasi ya kwanza naipa tairi jipya la kawaida la barabarani, lile ambalo Ulaya wanaliita la kiangazi, lenye namba sahihi ya mzigo na daraja zuri la kushika barabara yenye maji. Mpira wake umetengenezwa kwa joto, na joto ndilo tulilo nalo. Michelin e.Primacy na Hankook iON evo ni mifano mizuri kwa gari la umeme, kwa kuwa yanabingirika kwa wepesi na betri inakwenda mbali zaidi. Hilo si jambo dogo hapa. Kwenda Likasi na kurudi ni kama kilomita 240, na ukirudi nyumbani ukakuta umeme umekatika, kila kilomita iliyobaki kwenye betri ni mali. Uwe macho na Hankook: familia ya iON ina ndugu aitwaye i*cept, naye ni tairi la theluji. Sanduku linafanana, jina linakaribiana, kazi ni tofauti kabisa.

Nafasi ya pili ni la misimu yote lenye mlima ubavuni, kama Michelin CrossClimate 2. Nalipendekeza kwa anayeishi mahali ambapo lami inaisha kabla ya kufika kwake, na tuko wengi. Meno yake yamekatwa kama herufi V, hivyo hufukuza maji na hushika udongo uliolowa vizuri kuliko la kwanza. Lakini lina mwelekeo: ubavuni pana mshale wa kuonyesha linavyozungukia. Vijana wa kwado, yaani mafundi wa kuziba na kufunga matairi, wakilifunga kinyume, zile V zinaacha kufukuza maji inavyotakiwa. Nilimsimamia kijana mmoja mpaka akamaliza magurudumu manne, na mawili alikuwa ameyageuza. Hakuudhika, alinishukuru, hakuwa amewahi kuonyeshwa mshale.

Ya tatu ni matairi mapya ya bei nafuu kutoka China, ambayo yamejaa madukani. Siyadharau. Linglong, Sailun na Triangle ni viwanda vikubwa, na tairi jipya la bei ya chini lenye namba sahihi lina usalama kuliko tairi maarufu lililochakaa. Tatizo ni kwamba mengi hayana ile karatasi ya Ulaya inayoonyesha ubora wa tairi kwa madaraja kuanzia A hadi E. Basi tafuta maandishi ya Kimarekani yaliyochorwa kwenye mpira wenyewe: TREADWEAR na namba, TRACTION na herufi, TEMPERATURE na herufi. Traction hupima breki kwenye maji, na kuanzia juu ni AA, A, B, C. Temperature, yaani kuvumilia joto, ni A, B, C. Kwa gari zito katika mji wetu mimi nachukua A kwa zote mbili, na C siigusi. Ile namba ya treadwear isikuvute sana: kubwa ina maana ya kudumu, ila kila kiwanda hujipimia chenyewe.

Ya nne ni okazioni, yaani matairi yaliyokwishatumika, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wetu tunaponunua, na ndipo nilipoumia.

Leaf yangu ilitoka Ulaya, na ilikuja na matairi yenye meno marefu, meusi, mazuri kwa macho. Niliyapapasa nikasema, hapa nimebarikiwa. Kila jino lilikuwa na mikato myembamba mingi kama iliyochorwa kwa wembe. Sikujua kwamba mikato hiyo ni ya kushika theluji, na kwamba mpira huo umechanganywa ubaki laini chini ya nyuzi joto 7. Kwetu hata Julai, jua likishapanda, nyuzi zimepita 20. Oktoba ilipofika, gari lilikuwa linayumba kwenye kona kama limebebwa juu ya godoro, na kila nikikanyaga umeme, meno yalikuwa yanaliwa. Injini ya umeme hutoa nguvu yake yote mara moja, na hulipia tairi. Mvua za kwanza zilinikuta njia ya Kasapa, ya kwenda chuo kikuu, vyombo vya usafiri vya wanafunzi vikipita pande zote, na breki ikachukua njia ndefu kuliko nilivyozoea. Sikumgonga mtu. Kesho yake niliyatoa yote manne.

Kwa hiyo ukinunua okazioni, fanya hivi. Ukiona mikato ya wembe kila jino na herufi ya mwendo Q, weka chini, ni la theluji. Tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, na ukiona zimegeuzwa ndani, muombe muuzaji aligeuze. Lililopita miaka sita sinunui, hata likiwa na meno kamili, maana mpira hukauka hata ukiwa umelala. Likunje kwa mikono. Nyufa ndogo zitajitokeza kati ya meno. Chini ya mifereji kuna vituta vidogo vya kuonyesha mwisho wa tairi, vyenye urefu wa milimita 1.6. Kwa mvua zetu usingoje kufika hapo, badilisha likibaki na milimita 3. Halafu ingiza mkono ndani. Kiraka karibu na ubavu ni sababu ya kuondoka bila kubishania bei.

Nafasi ya mwisho ni matairi ya theluji ya okazioni, na yaliyochongwa upya meno kwa kisu. Ya gari dogo hayakuachiwa mpira wa kuchongwa; kisu kinafika karibu na nyuzi za ndani ya tairi. Usiyanunue.

Jambo jingine linalobadilisha mpangilio wote ni kipimo. Kipimo 205/55 R16 utakipata karibu popote mjini. Cha Atto 3, 215/55 R18, huenda ukakizungukia siku nzima, na magari mengi ya umeme hayana tairi la akiba, yana chupa ya dawa na pampu tu. Dawa hiyo huziba tundu la msumari. Ubavu uliopasuliwa na jiwe haiuwezi, na njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, malori yanavyopita mchana na usiku, ina mawe na vyuma vya kutosha. Ukinunua manne ya kipimo adimu, nunua matano.

Upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea. Joto likipanda nyuzi 10, upepo hupanda karibu bar 0.1, hivyo tairi lililojazwa sawasawa mchana wa Oktoba litakuwa na njaa asubuhi ya Juni.

Na kwa kwado, mambo mawili uyaseme mapema. Baadhi ya matairi haya yana sponji iliyobandikwa ndani ili kupunguza kelele. Lazima ikatwe na pakwanguliwe pale panapowekwa kiraka, la sivyo kiraka hakishiki. La pili, kriki, yaani jeki. Sakafu yote ni betri. Gari linainuliwa kwenye sehemu nne zilizowekewa alama pembeni, na mimi nimezipaka rangi nyeupe mwenyewe, ili kijana azione hata akiwa amelala chini ya gari usiku na tochi ya simu mdomoni.